Chupa za Komesha Moshi

Kule Langali, juu katika milima ya Uluguru, siku ya kupeleka mboga mjini Morogoro huanza na karoti. Modesta aliamshwa na mama yake, Regina, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Alijifunga kanga kiunoni akateremka mtoni kuosha karoti. Maji ya mto ule mwezi wa Juni si mchezo, yanauma vidole mpaka mtu anaviona kama si vyake. Lakini karoti yenye udongo haina mnunuzi mjini, na Modesta, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa ameyazoea maji hayo tangu darasa la pili.

Karoti zikishatakata hutiwa kwenye viroba na kupelekwa barabarani, kwenye lori la Mjomba Fidelis. Fidelis alikuwa kaka mkubwa wa Regina. Kwa Waluguru, mjomba si mtu wa kuchezea. Yeye ndiye msemaji wa ukoo, ndiye anayegawa mashamba, na watoto wa dada yake ni watoto wake. Juu ya heshima hiyo, Fidelis alikuwa na Fuso la zamani la rangi ya bluu, lori pekee lililobeba mboga za wakulima wa pale. Mtu mwenye heshima mara mbili hupata taabu kidogo kusikia maneno ya wenzake, na Fidelis alikuwa hivyo.

Dereva wa lori alikuwa Yeremia, baba yake Modesta. Yeye hakuzaliwa milimani. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Morogoro kuendesha magari, akamwoa Regina, akajenga kwenye shamba la ukoo wa mkewe. Na kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, haikupita siku bila maneno. Akifika barabarani tu, vijana kwa wazee humrukia wakimwambia kwamba babu zake walibeba mizigo kichwani kutoka bara, na yeye mvivu ameona abebe kwa gari. Yeremia naye huwajibu kwamba Mluguru akishushwa mahali tambarare huanguka, maana mguu mmoja umezoea kuwa juu na mwingine chini. Wakimsingizia kwamba anaiba dizeli, hukubali bila hata kupepesa macho.

"Tena dizeli yenu tamu," huwaambia. "Kila safari natoa dumu moja nalituma Tabora. Nimebakiza kidogo tu niwafilisi."

Watu huvunjika mbavu, na Fidelis mwenyewe hucheka mpaka akafuta machozi. Ndivyo utani ulivyo. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na neno la utani huishia pale pale liliposemwa.

Basi mwezi ule wa Juni lori likaanza kuugua. Kila lilipopanda mlima kutoka Mlali, kijiji cha kule chini, lilifuka moshi mweusi tii, na nguvu hakuna. Yeremia alimweleza shemeji yake mapema kwamba moshi mweusi ni dalili. Huenda chujio la hewa limeziba kwa vumbi, au nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zimechafuka. Alishauri lori likaguliwe kwanza na Fundi Pazi pale Mlali. Kama ni nozeli, ipo dawa ya kuzisafisha, inayochanganywa na dizeli kwa kipimo, nayo inauzwa katika duka la vipuri mjini kwenye kopo la kawaida lisilo na mbwembwe. Fidelis alimsikiliza kwa sikio moja. Alisema mafundi anawajua, wasipoukuta ugonjwa wanauweka.

Jumamosi moja ya likizo, Modesta aliandamana nao mjini kumsaidia mama yake kuuza karoti. Mboga zilipokwisha, Fidelis aliwaongoza mpaka kwenye kibanda kimoja karibu na stendi ya Msamvu. Hapo alikuwapo kijana aitwaye Geofrey, shati jeupe pee, miwani ya jua kaipandisha kichwani, na kipaza sauti mkononi. Mbele yake zilipangwa chupa zenye kimiminika cha kijani, zenye karatasi ya dhahabu na picha ya simba. Dawa yenyewe iliitwa Komesha Moshi.

Ungemsikia Geofrey ungedhani anauza uzima wa milele. Dawa yake ilikomesha moshi, ilipunguza ulaji wa mafuta nusu kwa nusu, na ilifanya kazi kwenye dizeli, petroli, jenereta na hata mashine ya kusaga. Fidelis aliposogea, kijana alishusha kipaza sauti akamwita mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, jamani? Wa kabichi? Lakini neno lile lilimwingia Fidelis kama mafuta kwenye chapati. Alisimama akanyoosha koti.

Yeremia alichukua chupa moja, akaigeuzageuza, akauliza nani anaitengeneza na tangi lililojaa linatiwa kiasi gani. Geofrey alijibu kwamba vipimo ni vya zile dawa dhaifu za makopo, hii yake kadiri unavyozidisha ndivyo inavyofanya kazi. Hapo Modesta hakuweza kunyamaza. Aliuliza, kwa adabu zote, imekuwaje dawa moja itibu dizeli na petroli wakati shuleni wamefundishwa kwamba injini zake hazifanani.

"Binti," Geofrey alimwambia, "haya ni mambo ya injini, si ya vitumbua."

Wateja wakacheka. Wageni kucheka si kitu, lakini Mjomba naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichomchoma Modesta masikio. Mtoto ameuliza swali la maana, na jibu alilopewa ni vitumbua! Yeremia aliweka mkono begani mwa binti yake, akamgeukia shemeji.

"Shemeji, dawa inayotibu kila ugonjwa haitibu hata mmoja."

"Kwani lori ni la nani?" Fidelis alimuuliza.

Swali lile lilifunga mazungumzo. Likanunuliwa boksi zima.

Tangu siku hiyo Fidelis hakumruhusu mtu mwingine kuishika dawa. Kabla ya kila safari alikuja mwenyewe, akafungua mfuniko wa tangi, akamimina chupa nzima huku wakulima wakimtazama. Safari ya kwanza moshi mweusi ulichanganyika na mweupe. Fidelis akatangaza kwamba hapo injini inasafishika. Safari ya pili lori likaanza kukohoa, naye akaongeza nusu ya chupa ya pili. Yeremia alimwomba aache, akamwomba tena mbele ya dada yake, akaambiwa kwamba Wanyamwezi wanaogopa hata sayansi. Safari hii maneno hayo hayakuwa utani, maana Fidelis hakucheka.

Siku ya balaa ilikuwa Alhamisi. Lori lilijaa kabichi na njegere mpaka juu, Regina na Modesta wakiwa mbele pamoja na Yeremia, na wakulima wachache wakiwa nyuma juu ya mizigo. Kwenye mteremko wa kushukia Mlali, injini ilikohoa, ikatetemeka, ikazimika. Lori zito lenye injini iliyozimika katikati ya mteremko ni jambo la kuombewa. Usukani unakuwa mgumu kama umeshikwa na mtu, na breki ukikanyaga zinakupa nusu. Upande wa kushoto palikuwa na bonde, na chini ya bonde mawe.

Yeremia hakupiga kelele. Alivuta breki ya mkono, akang'ang'ania usukani kwa mwili mzima, akalisukumia lori upande wa kulia kwenye ukingo wa mlima. Lilikwaruza udongo, likavunja vichaka, likasimama limeinama. Viroba vichache vilianguka na mtu mmoja alichubuka kiwiko, basi. Wanawake walishuka wakijifanyia ishara ya msalaba. Regina alimkumbatia Modesta mpaka akakosa pumzi.

Fundi Pazi alipandishwa kwa pikipiki kutoka Mlali. Alilegeza kizibo cha chini ya chujio la dizeli, akakinga kipande cha dumu lililokatwa. Badala ya dizeli yakatoka maji. Alitazama, akanusa, akasema tu kwamba lori limenyweshwa maji, na kwamba yeye hajui yameingiaje. Wakati huo Fidelis naye alikuwa amefika. Aliyatazama yale maji, akawatazama wakulima ambao kabichi zao zilikuwa zimelala juani, wengine wameshika viuno wakimsubiri mwenye lori aseme neno. Neno alilolisema ni hili.

"Hakuna haja ya kupiga ramli. Huyu anatoa dizeli anajazia maji. Si anasema mwenyewe kila siku? Kila safari dumu moja linakwenda Tabora."

Modesta alidhani amesikia vibaya. Baba yake ndiye aliyewaokoa siku hiyo hiyo, na anaitwa mwizi barabarani kama kibaka wa stendi! Tena kwa maneno ya utani, maneno ambayo Mjomba huyo huyo aliyachekea mpaka machozi! Na wale wakulima, waliocheka naye siku zote, sasa walitikisa vichwa taratibu kana kwamba wamesikia ungamo mahakamani. Alimwangalia mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemtazama machoni.

Yeremia alisema kwa sauti ya chini kwamba maji yametoka kwenye zile chupa. Fidelis akamkata kauli, akamuuliza kama sasa anaisingizia hata chupa. Modesta alichungulia ndani ya kile kipande cha dumu. Maji yalikuwa na ukijani, hafifu kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Alimvuta Mjomba mkono amwoneshe. Mjomba aliuchomoa mkono wake, akasema mambo ya watu wazima hayana mtoto, kisha akaupiga teke ule ushahidi bila hata kuutazama, maji yakapotelea kwenye vumbi.

Kabichi ziliozea pale pale. Kikao cha ukoo kikapangwa kufanyika Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Bibi Magdalena, mama yao Fidelis na Regina.

Ijumaa asubuhi Modesta alimkuta baba yake anakunja nguo kwenye begi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimweleza binti yake kwa upole kwamba mwanamume aliyejenga ukweni hawezi kubishana na kaka wa mkewe mbele ya ukoo. Wakiamua kwamba ni mwizi, ataondoka arudi Tabora. Modesta na mama yake ni wa ukoo wa hapa na watabaki hapa. Alimtaka asimchukie mjomba wake, kisha akaendelea kukunja shati lile lile alilokwisha kulikunja.

Modesta alitoka nje akasimama nyuma ya jiko. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya ghadhabu. Abaki hapa na baba yake awe Tabora, kwa sababu ya simba wa karatasi? Kwa sababu mtu mzima mmoja aliitwa mkurugenzi akanogewa? Alijua kabisa akienda kumwambia Mjomba ataambiwa tena kwamba ni mtoto. Akafuta macho kwa kanga, akaanza kufikiri.

Ndani ya kibanda cha dereva ilikuwa imebaki chupa moja ya Komesha Moshi iliyotumika nusu. Modesta alimwomba mama yake aichukue, pamoja na dizeli kidogo iliyokuwa kwenye dumu la akiba. Regina hakuuliza mengi, akateremka mpaka pale lilipokwama lori akavileta. Modesta alitafuta chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, inayoonesha ndani, akaiosha na kuianika mpaka ikakauka kabisa. Akatia dizeli nusu, akatia dawa, akafunga, akatikisa kwa nguvu zake zote. Vilichanganyika vikawa kama maziwa machafu. Akaiweka dirishani akaenda kumenya viazi. Aliporudi, dizeli ilikuwa imepanda juu, ya manjano, na chini yametulia maji ya kijani, kila kimoja kivyake. Dawa ya kweli ya dizeli ingeyeyuka ndani ya dizeli, vinginevyo ingefikaje kwenye nozeli? Hii ilikuwa maji na rangi. Mjomba Fidelis alikuwa amelinywesha lori maji kwa mkono wake mwenyewe, safari baada ya safari, mbele ya macho ya watu.

Ilibaki shida moja, nayo kubwa. Mtoto hasemi kwenye kikao cha ukoo. Lakini mjukuu na bibi yake ni watani, na kwa bibi yake mjukuu anaweza kusema chochote mahali popote. Modesta na Bibi Magdalena waliitana mke mwenza tangu Modesta alipojua kuongea, wakigombea babu ambaye alikwisha kufa zamani.

Jumapili uani kwa Bibi palijaa. Walikuja wazee wa ukoo, na wakulima waliopoteza kabichi nao walikuja. Yeremia alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia yake magotini. Fidelis alisimama akaeleza kwa kirefu. Alisema hakumbambikia mtu, shemeji yake amekiri kwa kinywa chake, na mashahidi wapo. Alipomaliza, Bibi Magdalena, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo muda wote huo, aliuliza bila kuinua macho.

"Hayo aliyasema wapi?"

"Barabarani, mama, wakati wa kupakia."

"Akilia au akicheka?"

Fidelis alisema alikuwa akicheka, lakini mwizi naye hucheka. Wazee wawili watatu walikohoa. Wakati huo Modesta alikuwa anapitisha chai. Alipofika kwa bibi yake hakupita kwenda kwa mwingine, alipiga magoti pale pale. Hasira ndiyo iliyompa ujasiri.

"Mke mwenzangu," alisema, "chai hii si hadhi yako. Nimekuletea kinywaji cha wakurugenzi." Akatoa ile chupa ndani ya kanga.

Watu wakaguna, mmoja akacheka. Fidelis alitaka kumfukuza, Bibi akamwinulia kiganja. Alisema yeye na mke mwenzake wana ugomvi wao wa siku nyingi, asiingiliwe. Aliishika chupa, akaielekeza kwenye mwanga, akauliza hii ya manjano ni nini na hii ya kijani ni nini. Modesta alijibu kwamba ya juu ni dizeli na ya chini ni Komesha Moshi. Kisha akaongeza kwa sauti iliyofika mpaka kwa wakulima walioegemea ukuta.

"Bibi, siku ile barabarani maji yaliyotoka kwenye lori yalikuwa ya kijani. Baba angejazia maji ya mtoni, nayo si ya kijani. Nilimwonesha Mjomba, akayamwaga."

Fidelis alisema chupa ile imechezewa, mtoto anamtetea baba yake, ni kawaida. Bibi alikubali kwamba inawezekana. Akaagiza iletwe chupa mpya, ambayo haijafunguliwa, kutoka nyumbani kwa Fidelis mwenyewe, na iletwe na mtoto wa Fidelis, na dizeli itoke kwenye dumu la Fidelis. Ikaletwa. Bibi alimtaka Fidelis aifungue yeye, amimine yeye pamoja na dizeli kwenye chupa kavu inayoonesha ndani, atikise yeye. Alitikisa sana, masikini, kama mtu anayetafuta siagi. Kisha chupa ikawekwa juu ya kinu katikati ya uani, na watu wakakaa kuitazama.

Kidogo kidogo maziwa yale yakaanza kugawanyika. Kijani kikashuka, manjano ikapanda, mpaka katikati pakachorwa mstari ambao hata mzee asiyeona vizuri aliuona. Fidelis aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Aliketi kwenye mkeka kama mtu aliyeondolewa mifupa, akasema kwamba alimimina mwenyewe. Akarudia, alimimina mwenyewe.

Yeremia aliinuka akataka kumshika mkono yaishe, lakini Bibi Magdalena alimwambia akae kwanza. Sasa maharage alikuwa ameyaweka kando, na ghadhabu yake haikujificha.

"Wewe Fidelis, kudanganywa na mwuza chupa si kosa. Hata mimi ningeweza kudanganywa. Lakini ulichukua utani wa mtu ukaufanya kamba ya kumnyonga. Nani sasa atamtania mwenzake hapa kijijini, akijua siku ya shida mdomo wake utamfunga? Na ulipooneshwa maji ya kijani, uliyapiga teke kwa sababu aliyekuonesha ni mtoto. Ulimwita mwizi barabarani mbele ya watu. Hutamsafishia hapa uani kwangu. Utakwenda kumsafisha mbele ya watu."

Jumatatu Fuso lilivutwa mpaka kwa Fundi Pazi, tangi likafunguliwa, likamwagwa, likaoshwa, chujio la dizeli likabadilishwa. Chujio la hewa lilikutwa limeziba vumbi kiasi cha kuotesha mchicha, na nozeli mbili zilikuwa chafu. Ugonjwa ulikuwa ule ule aliousema Yeremia mwanzo, na laiti wangeuangalia kwanza, wasingefika huko. Kisha wote watatu, Fidelis, Yeremia na Modesta, wakaenda mjini.

Kwenye duka la vipuri Fidelis hakuuliza dawa ipi ina picha nzuri. Alimweleza muuzaji ugonjwa wa lori, akauliza dawa gani inasafisha nozeli za injini ya dizeli, nani anaitengeneza, tangi la ukubwa ule linatiwa kiasi gani na mara ngapi. Alidai risiti. Muuzaji alimwonya kwamba dawa haitatengeneza kilichovunjika na kwamba kuzidisha hakusaidii kitu. Fidelis aliyasikiliza hayo yote kwa masikio mawili. Kabla ya kutoka dukani alimgeukia Modesta akamuuliza kama ana swali. Modesta akaomba watie kidogo kwenye chupa yenye dizeli watazame. Walitikisa, wakasubiri, na dizeli ikabaki rangi moja kutoka juu mpaka chini.

Geofrey naye walimkuta pale pale karibu na Msamvu, kipaza sauti mkononi, amemwita mzee mwingine mkurugenzi. Modesta aliisimamisha ile chupa yenye mstari katikati juu ya meza yake, mbele ya wateja. Kijana alianza kucheka, alipomwona Fidelis akaacha. Fidelis alikuwa amekwisha toa taarifa kituo cha polisi, na askari waliofuatana nao wakamtaka Geofrey awaoneshe mahali anapotengenezea. Huko nyuma ya kibanda palikuwa na pipa la maji ya bomba, sabuni na rangi. Alipopandishwa kwenye gari alilalamika kwamba yeye ni mtafutaji tu. Mtafutaji! Watu walikuwa juu ya mizigo kwenye mteremko ule, na mama wa watu, na watoto wa watu!

Siku ya gulio Langali ilifurika. Fidelis alipanda nyuma ya lori akiwa amevaa lile koti lake, akaomba watu wanyamaze. Hakuzunguka. Alisema alinunua maji akidhani ni dawa, akalinywesha lori, akakaribia kuwaua jirani zake, kisha akamwita mwizi mtu aliyewaokoa. Alisema shemeji yake hajawahi kutoa hata kikombe cha dizeli. Aliahidi kubeba bure mizigo ya wote waliopoteza kabichi mpaka msimu uishe. Mwishoni alimwita Yeremia apande, akamwomba radhi huku akimshika mikono yote miwili. Yeremia alimkumbatia. Watu hawakujua wacheke au walie, hadi mzee mmoja akapaza sauti kwamba Mnyamwezi asimshike Mluguru sana, wasije wakaanguka, hapo juu ni tambarare. Gulio zima likaangua kicheko, na Yeremia akacheka kuliko wote.

Fidelis aliposhuka alimwita Modesta kando, karibu na gurudumu, Regina akiwa amesimama nao. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Mwanangu, siku ile mjini uliuliza swali, nikacheka. Siku ile barabarani ulinionesha, nikamwaga. Mara mbili ukweli ulikuja kwangu kwa heshima, umevaa kanga, na mara mbili niliufukuza kwa sababu ni wa mtoto. Uongo ulikuja umevaa shati jeupe, nikaununua boksi zima. Wewe usije ukawa kama mimi. Neno lolote, la mkubwa au la mdogo, la rafiki au la mgeni, lipime kwanza. Na ukimwona mtu anaonewa, ukajua ukweli, usinyamaze hata kama anayemwonea ni mjomba wako."

"Nimekusikia, Mjomba," Modesta alijibu.

"Na siku nitakaposahau," Fidelis alisema, "nikumbushe mbele ya watu."